Pakistan ilivunjwa na dhulma, si na uchache wa imani

WIKI mbili zilizopita, baada ya darsa ya Isha katika msikiti mmoja hapa Dar es Salaam, kijana mmoja alininyooshea mkono na kuuliza swali ambalo limenikosesha raha hadi leo. "Ustadh," alisema, "unatufundisha kwamba Waislamu ni umma mmoja. Pakistan iliundwa kwa jina la Uislamu. Mbona haikufikisha hata miaka ishirini na mitano ikapasuka vipande viwili?"

Kabla sijafungua kinywa, mwenzake aliyekaa nyuma yake alidakia: "Ile ilikuwa njama ya India. Maadui hawapendi kuona Waislamu wameungana." Wengi walitikisa vichwa kukubali, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine.

Ndugu msomaji, nilinyamaza kwa sababu moja tu. Jibu lile nalifahamu vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilisimama mbele ya vijana katika semina moja nikalifundisha mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa na kwa kujiamini. Sikuwa nimesoma historia ya jambo lile. Nililisikia kwa walionitangulia, likanipendeza, nikalipeleka mbele. Miaka ilipopita nikasoma, nikagundua kwamba nilikuwa nimewaambia watu nusu ya habari, tena nusu iliyo ndogo. Makala haya ni deni ninalolilipa.

Hoja yangu ni hii: India ilikuwa na mkono wake katika kuvunjika kwa Pakistan mwaka 1971, hilo halina ubishi. Lakini mkono ule uliingia kwa mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Aliyeufungua ni Muislamu aliyemdhulumu Muislamu mwenzake kwa miaka ishirini na nne, na kila mwenzake alipolalamika alimwambia kwamba analeta fitna na anavunja umoja wa umma.

Waliojitenga ndio waliojenga

Watu wengi hudhani kwamba Wabengali, yaani Waislamu wa Pakistan ya Mashariki, waliingizwa Pakistan kama mizigo na kwamba hawakuwa na moyo nayo. Historia inasema kinyume kabisa.

Chama cha Muslim League, ambacho ndicho kilichodai na kupata Pakistan, kilizaliwa Dhaka mwaka 1906. Dhaka ndiyo makao makuu ya Bangladesh ya leo. Azimio la Lahore la Machi 1940, ambalo Wapakistani hulihesabu kuwa ndio msingi wa nchi yao, liliwasilishwa mkutanoni na Mbengali, A.K. Fazlul Huq. Katika uchaguzi wa 1946, uliokuwa kama kura ya maoni juu ya Pakistan, Waislamu wa Bengal waliipa Muslim League karibu viti vyote vilivyotengwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo tarehe 14 Agosti 1947 Pakistan ilipozaliwa, Wabengali hawakuwa wageni waalikwa. Walikuwa wenye nyumba, tena walikuwa zaidi ya nusu ya raia wote wa nchi mpya. Nchi yenyewe ilikuwa ya ajabu kwenye ramani: mabawa mawili, la Magharibi na la Mashariki, na katikati yake kilomita zipatazo 1,600 za ardhi ya India. Hawakuwa na lugha moja, wala chakula kimoja, wala mavazi ya namna moja. Kilichowaunganisha ni Uislamu na ahadi kwamba katika nchi hii Muislamu hatodhulumiwa.

Naomba tuishike hiyo ahadi mkononi tunapoendelea. Watu wale hawakuunganishwa na dini peke yake. Waliunganishwa na dini pamoja na ahadi ya haki. Dini haikuwatoka hata siku moja, kwani walisali na kufunga kabla ya 1971 na wakaendelea baada yake. Kilichoondoka ni ile ahadi.

Lugha: jeraha la kwanza

Haikuchukua hata mwaka. Mwezi Februari 1948 mjumbe mmoja kutoka Mashariki, Dhirendranath Datta, aliomba Kibengali kiruhusiwe kutumika katika Bunge la Katiba. Aliomba kiruhusiwe tu, pamoja na Kiurdu na Kiingereza. Ombi lilikataliwa. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Machi, Muhammad Ali Jinnah, muasisi wa taifa, alikwenda Dhaka na kuutangazia umati mkubwa kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu na si nyingine, na kwamba anayewaambia vinginevyo ni adui wa Pakistan. Siku tatu baadaye alirudia maneno hayo mbele ya wasomi wa chuo kikuu, na baadhi ya wanafunzi wakampinga hapo hapo.

Hebu tutazame jambo hili kwa makini. Kiurdu kilikuwa lugha ya nyumbani ya Wapakistani wasiofika asilimia 10. Kibengali kilikuwa lugha ya zaidi ya nusu yao. Jinnah mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuzaliwa katika Kiurdu. Lugha ya kwao ilikuwa Kigujarati, na hotuba ile ya Dhaka aliitoa kwa Kiingereza. Wakubwa wa Karachi waliona kwamba Kiurdu, kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi zenye asili ya Kiarabu, ni cha Kiislamu zaidi, na kwamba Kibengali kina harufu ya Uhindu kwa sababu ya herufi zake. Wapo waliotaka hata Kibengali kiandikwe kwa herufi za Kiarabu ili "kisilimishwe".

Sisi Waswahili tuna la kusema hapa. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na barua na tenzi za wazee wetu zipo hadi leo kuthibitisha. Baadaye tukaandika kwa herufi za Kizungu. Je, swala zetu zilibatilika? Bibi yangu alinifundisha adabu za chakula na kumtaja Mungu kwa Kiswahili, na sikumbuki kama aliwahi kujiuliza ni kwa herufi zipi.

Lakini suala halikuwa la utamaduni peke yake, lilikuwa la ugali. Lugha ya dola ikiwa Kiurdu, maana yake mtihani wa kazi serikalini, barua ya ofisi, fomu ya posta na hukumu ya mahakama vitakuwa vya Kiurdu. Kijana wa Kibengali aliyesoma kwa taabu angeamka asubuhi na kujikuta hajui kusoma katika nchi yake mwenyewe.

Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi wa Dhaka waliandamana, na polisi wakawafyatulia risasi. Waliokufa majina yao ni Barkat, Jabbar, Rafiq na Salam. Msomaji, yasome tena majina hayo. Ni majina ya Waislamu, waliouawa na dola ya Kiislamu, kwa kudai lugha waliyonyonya kwa mama zao. Mwaka 1956 katiba ilikuja kukikubali Kibengali kuwa lugha ya taifa pamoja na Kiurdu, lakini damu ilikwishamwagika. Siku hiyo ya 21 Februari ndiyo ambayo shirika la UNESCO lililitangaza mwaka 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Ulimwengu mzima unaiadhimisha, na wengi wetu hatujui kwamba ilianza kwa Waislamu kupigwa risasi na Waislamu.

Kura ikapigwa, matokeo yakatupwa

Wabengali hawakukimbilia bunduki. Walikwenda kwenye sanduku la kura, na hili napenda vijana wetu walizingatie.

Mwaka 1954 ulifanyika uchaguzi wa jimbo la Mashariki. Muungano wa vyama vya upinzani ulipata viti 223 kati ya viti 237 vya Waislamu. Muslim League, chama tawala, chama kilichozaliwa katika mji ule ule, kilibaki na viti visivyofika hata kumi na tano. Mzee Fazlul Huq, yule yule wa Azimio la Lahore, akawa waziri mkuu wa jimbo. Je, alidumu? Hakufikisha miezi miwili. Mwezi Mei serikali kuu ilimfukuza, ikaweka utawala wa gavana, na mtu aliyeleta hoja ya Pakistan mwaka 1940 akaitwa msaliti wa Pakistan.

Ikabaki hesabu ya wingi. Kwa kuwa Mashariki ilikuwa na watu wengi zaidi, uchaguzi wa haki wa nchi nzima ungewapa Wabengali sauti kubwa. Dawa iliyopatikana ni kuyaunganisha majimbo yote ya Magharibi kuwa jimbo moja mwaka 1955, kisha kusema kwamba mabawa mawili yatakuwa na viti sawa bungeni. Wengi wakafanywa kuwa nusu, na jambo hilo likaitwa usawa.

Kwa uadilifu niseme kwamba Wabengali watatu waliwahi kuwa mawaziri wakuu wa Pakistan katika miaka ya 1950: Khawaja Nazimuddin, Mohammad Ali Bogra na H.S. Suhrawardy. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeondolewa na wapiga kura. Nazimuddin alifukuzwa na Gavana Mkuu mwaka 1953, na Suhrawardy akasukumwa hadi kujiuzulu mwaka 1957. Oktoba 1958 Jenerali Ayub Khan akachukua nchi kwa mtutu, na mjadala wote ukafungwa. Kuanzia hapo mwenye kauli alikuwa jeshi, na jeshini Wabengali walikuwa wachache mno: katikati ya miaka ya 1960 walikuwa takriban maofisa watano katika kila mia.

Juti ya Mashariki, majengo ya Magharibi

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapoelewa siasa.

Mashariki ilikuwa ikilima juti, mmea ambao nyuzi zake hutengenezwa magunia. Wasomaji wenye umri wangu wanayakumbuka magunia yale ya nyuzi, kabla ya haya ya plastiki. Katika miaka ya 1950 juti ndiyo iliyoiingizia Pakistan sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni. Mkulima alisimama kwenye maji yanayomfika kiunoni akivuna. Fedha za kigeni zilizopatikana zilikwenda kwa serikali kuu, na serikali kuu ilikuwa Karachi, kisha Rawalpindi na Islamabad. Huko ndiko viwanda vilikojengwa na ndiko jeshi lilikokula bajeti.

Ni kweli Mashariki ilianza ikiwa maskini. Mwaka 1947 Bengal iligawanywa, na viwanda vya juti vilibaki Calcutta upande wa India. Mtetezi wa Magharibi ana haki ya kulisema hilo. Lakini swali si nani alianza wapi, bali pengo lilikuwa likipungua au likiongezeka. Takwimu za mipango za Pakistan yenyewe zilionesha kwamba mwaka 1959/60 wastani wa kipato cha mtu wa Magharibi ulikuwa umeuzidi wa Mashariki kwa asilimia 32. Miaka kumi baadaye, 1969/70, pengo lilifika asilimia 61. Hiyo ndiyo miaka kumi ambayo Ayub Khan aliisherehekea kuwa muongo wa maendeleo. Mwaka 1968 mchumi mkuu wa tume ya mipango, Mahbub ul Haq, naye akasema hadharani kwamba familia 22 ndizo zilizoshika sehemu kubwa ya viwanda, mabenki na bima ya nchi nzima. Karibu zote zilikuwa za Magharibi.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtu wa Lahore aliona barabara na mabwawa, akashangaa kwa nini Mbengali halali usingizi.

Kisha ikaja vita ya Septemba 1965 kati ya Pakistan na India. Mashariki, iliyozungukwa na India pande karibu zote, iliachwa na askari kidogo tu. Nadharia ya wakubwa ilikuwa kwamba ulinzi wa Mashariki uko Magharibi. Mbengali akajiuliza: nalipa kodi ya jeshi, jeshi lenyewe simo, na siku ya vita siwekewi. Muungano huu una faida gani kwangu?

Hoja Sita

Februari 1966, huko huko Lahore, Sheikh Mujibur Rahman wa chama cha Awami League alitoa madai yaliyojulikana kama Hoja Sita. Yalikuwa haya kwa ufupi: pawe na shirikisho la kweli lenye bunge lililochaguliwa na watu wote, serikali kuu ishike ulinzi na mambo ya nje tu, pawe na sarafu mbili, au moja yenye kinga ya kuzuia fedha za Mashariki zisihamishwe, kodi zikusanywe na majimbo, kila upande uwe na hesabu yake ya fedha za kigeni, na Mashariki iruhusiwe kuwa na askari wake wa ulinzi.

Mtu anaweza kubishana na baadhi ya madai haya. Serikali kuu isiyokusanya kodi ni dhaifu, hilo ni kweli. Lakini madai yale yalikuwa ya mtu anayetaka kubaki nyumbani na kupewa chumba chake. Neno kujitenga halikuwemo. Jibu alilopewa ni jela. Mwaka 1968 alishitakiwa kwa kula njama na India, wananchi wakaingia barabarani, na Februari 1969 kesi ikafutwa. Aliingia jela kiongozi wa chama, akatoka kiongozi wa taifa. Mwezi mmoja baadaye Ayub Khan akaondoka na Jenerali Yahya Khan akashika nchi, akaahidi uchaguzi wa mtu mmoja kura moja.

Kimbunga na kura

Tarehe 12 Novemba 1970 kimbunga kikubwa kiliipiga pwani ya Mashariki usiku. Bahari ilipanda juu ya visiwa na kuvifagia. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya laki tatu na laki tano. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya kimbunga yaliyoandikwa katika historia. Rais Yahya Khan, aliyekuwa akirejea kutoka China, alisimama Dhaka, akaliangalia eneo kutoka kwenye ndege, kisha akaenda zake Islamabad. Misaada ya serikali ilichelewa, na Wabengali waliona ndege na meli za mataifa ya kigeni zikija wakati maiti zingali juu ya matope.

Mimi nimezaliwa pwani. Najua maana ya msiba katika jamii zetu. Jirani mliyegombana naye mwaka mzima, akija siku ya msiba akakaa nanyi jamvini, ugomvi unapungua nusu. Asipokuja, hata kama hamkugombana, jambo hilo halisahauliki. Nadhani Pakistan ilikufa mioyoni mwa watu wa Mashariki katika wiki zile za Novemba. Yaliyofuata yalikuwa taratibu za mazishi.

Disemba 1970 kura zikapigwa. Awami League ilipata viti 160 kati ya 162 vya majimbo ya Mashariki, na pamoja na viti vya wanawake ikawa na 167 katika bunge la watu 313. Ulikuwa wingi wa kutosha kuunda serikali ya Pakistan nzima bila kumuomba mtu. Upande wa Magharibi, chama cha Zulfikar Ali Bhutto kilipata viti 81. Kila chama kati ya hivyo viwili hakikupata hata kiti kimoja cha jimbo upande wa pili. Nchi ilikuwa imekwisha kugawanyika kwenye karatasi za kura.

Haki ilikuwa wazi: Mujib aitwe awe waziri mkuu. Bhutto alikataa kuhudhuria bunge bila makubaliano ya kugawana madaraka, na tarehe 1 Machi 1971 Yahya akaliahirisha bunge lililokuwa likutane Dhaka siku mbili baadaye. Mara ya kwanza ushindi wa Wabengali ulifutwa 1954, na mara ya pili ni hii. Hawakuipa nchi nafasi ya tatu.

Usiku wa 25 Machi

Usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi liliingia mitaani Dhaka. Lilishambulia chuo kikuu, kambi za polisi na mitaa ya raia. Mujib alikamatwa na kusafirishwa Magharibi. Uhuru wa Bangladesh ukatangazwa. Miezi tisa iliyofuata ni ya aibu katika historia yetu Waislamu. Vijiji vilichomwa, wanawake walibakwa, na watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Serikali ya Bangladesh inasema waliouawa ni milioni tatu; tume ya Pakistan iliyoongozwa na Jaji Hamoodur Rahman ilitaja 26,000 kwa kutegemea hesabu za jeshi; watafiti wengi huweka idadi katika malaki. Hata tukichukua idadi ndogo kuliko zote, ni roho 26,000.

Na linaloumiza zaidi, wapo waliobeba jina la dini, wakaunda vikundi vya kulisaidia jeshi na kuwasaka Waislamu wenzao. Siku mbili kabla ya vita kwisha, walimu wa vyuo, madaktari na waandishi walichukuliwa majumbani mwao Dhaka na kuuawa.

Uadilifu unanitaka niseme na upande wa pili. Waislamu waliozungumza Kiurdu waliokuwa wakiishi Mashariki, maarufu kwa jina la Wabihari, nao waliuawa kwa maelfu na Wabengali, kabla ya vita na baada yake. Waliobaki walitupwa makambini bila uraia wa nchi yoyote, na ilichukua hadi mwaka 2008 ndipo mahakama ya Dhaka ikawathibitisha kuwa raia. Aliyedhulumiwa jana anaweza kudhulumu leo, na kudhulumiwa kwake hakumpi kibali.

India, ndiyo, iliingia. Iliwafundisha na kuwapa silaha wapiganaji wa Kibengali, na baada ya ndege za Pakistan kushambulia viwanja vyake tarehe 3 Disemba ikaingia vitani waziwazi. Tarehe 16 Disemba 1971 Jenerali Niazi alitia saini ya kusalimu amri Dhaka, na Wapakistani wapatao 93,000 wakawa mateka. India ilikuwa na maslahi yake, wala haikufanya hayo kwa mapenzi ya Waislamu. Lakini tujiulize: je, India ndiyo iliyokataa Kibengali 1948? Ndiyo iliyomfukuza Fazlul Huq 1954? Ndiyo iliyoliahirisha bunge la 1971? Kikulacho ki nguoni mwako.

Tunajifunza nini?

Kwanza, umoja hauombwi, hujengwa kwa haki. Aya ya 135 ya Surat Nisaa inatuamrisha tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Haikuja na ruhusa ya kuuacha uadilifu pale tunapotaka kulinda umoja.

Pili, mara nyingi anayehubiri umoja kwa sauti kubwa ni yule aliyeshika funguo za ghala. Tumsikilize, lakini tumuulize pia ghala lina nini na linagawiwa vipi.

Tatu, nchi haijitengi kwa siku moja. Kati ya ombi la Datta na usiku wa 25 Machi ni miaka ishirini na tatu. Katika miaka yote hiyo palikuwa na nafasi za kurudi nyuma, kila moja ikiwa na bei ndogo kuliko ile iliyofuata. Mwaka 1948 bei ilikuwa ruhusa ya lugha moja bungeni. Mwaka 1966 bei ilikuwa mazungumzo juu ya Hoja Sita. Mwaka 1971 bei ikawa nusu ya nchi.

Nne, kujitenga nako si dawa ya dhulma. Mujib mwenyewe aliuawa na wanajeshi wa Kibengali mwezi Agosti 1975, baada ya kuigeuza nchi kuwa ya chama kimoja. Na tarehe 5 Agosti 2024 binti yake, Sheikh Hasina, alikimbilia India baada ya wanafunzi kuandamana wakipinga upendeleo wa nafasi za kazi serikalini kwa kizazi cha wapigania uhuru wa 1971. Mamia ya waandamanaji waliuawa, katika mji ule ule wa Dhaka wa mwaka 1952. Dhulma haina kabila wala bendera.

Sisi tunaishi ndani ya Muungano tangu tarehe 26 Aprili 1964. Muungano wetu haukufanana na wa Pakistan, wala haukujengwa juu ya dini, na sitaki mtu aseme nimevilinganisha. Nasema tu kwamba mshirika anapotaja kero, kumsikiliza ni kulinda nyumba. Kumwambia anatumwa na maadui ni kuibomoa.

Na tusiishie kwenye nchi. Tuangalie misikiti na jumuiya zetu. Muumini akisimama kuuliza mapato na matumizi, mara ngapi tumemwambia anafarakanisha Waislamu? Akina mama wakiuliza kwa nini hawana mahali pa kusalia panapofaa, mara ngapi tumesema huo si wakati wake? Kisha kundi likiondoka kwenda kujenga msikiti wake mtaa wa pili, tunakaa barazani kutafuta adui aliyetugawa.

Juzi nilirudi kwenye darsa ile. Nikawaambia vijana kwamba jibu la India nililifundisha mimi zamani, na kwamba nilikosea. Yule kijana aliyelitoa akauliza, "Sasa Ustadh, tukiulizwa tuseme nini?" Nikamwambia: sema walikuwa Waislamu, wakasali kibla kimoja, na mmoja akala haki ya mwenzake hadi mwenzake akachoka. Ukishasema hivyo, ndipo uitaje na India.

Wallahu a'lam.